Lisbon kwa wawili, siku nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi na mke wangu tulikaa Lisbon siku nne, tukarudi Mombasa, na tangu hapo simu haijatulia. Shemeji anauliza viza, jirani anauliza nyama, kijana mmoja wa mtaani anayepanga fungate anauliza kila kitu. Basi haya hapa yote, yamewekwa namba ili nisirudie maneno. Nikisema "tazama la 9", shuka huko.

## Kabla ya kufunga mizigo

1. Miji yote hiyo ya Ulaya, kwa nini Lisbon?

Kwa mtu wa pwani, Lisbon ni kama nyumba ya jamaa mliyegombana naye zamani: humpendi sana, lakini historia yake unaijua kuliko unavyodhani. Vasco da Gama aling'oa nanga pale tarehe 8 Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako mambo hayakumwendea, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, na Waomani wakawafurusha humo mwaka 1698.

Hadithi hii sisi tumeisoma kutoka upande wa waliopigwa. Lisbon unaisoma kutoka upande wa pili, imeandikwa kwa mawe na dhahabu. Nikisema dhahabu namaanisha dhahabu kweli. Tazama la 10.

2. Siku ngapi zinatosha?

Tatu kamili kwa mji wenyewe, nne mkitaka na Sintra (la 13). Siku ya kufika msiihesabu. Mtu anayetoka Mombasa au Dar na kubadilisha ndege Dubai au Istanbul hana macho ya kuona chochote siku ile zaidi ya kitanda.

3. Viza inakuwaje? Tunaomba moja kwa sababu tumeoana?

Hapana. Kila mmoja ana fomu yake, ada yake na alama zake za vidole. Ureno imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo mnaomba viza ya muda mfupi, inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi wakikunyima. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Siku 15 ni za kwenye karatasi. Nyinyi jipeni miezi miwili. Pamoja na hati ya ndoa, hakikisheni karatasi ya hoteli ina majina ya wote wawili. Sisi yetu ilikuwa na jina langu peke yangu, na tulirudishwa dirishani kwa hilo tu.

Jambo jipya: tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili wageni mpakani kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri. Mkiunganisha ndege ndani ya Ulaya, usajili huo unafanyika mnapoingia Schengen mara ya kwanza, si Lisbon. Msikate tiketi yenye mwanya wa saa moja katikati.

4. Twende mwezi gani?

Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua lao si la mchezo na foleni ni ndefu. Novemba hadi Februari kuna mvua, na mawe ya njiani yakilowa yanateleza kama sabuni (la 8). Tena usitegemee kwamba kila nyumba ya zamani ina kipasha joto. Uliza kabla ya kulipa.

5. Saa zao na zetu zinapishana kwa kiasi gani?

Saa tatu nyuma yetu wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi. La muhimu zaidi, kubalianeni mapema mnasoma saa ya nani. Mke wangu alinitumia ujumbe "tukutane saa tatu pale uwanja wa Rossio". Mimi nikaelewa saa tatu ya Kizungu, ya mchana. Yeye alikuwa amesimama pale tangu asubuhi.

## Kufika na kuzunguka

6. Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini tupande nini?

Uwanja uko ndani ya mji kabisa, na metro, ile treni ya chini ya ardhi, inaanzia palepale kwa laini nyekundu. Kwenda Baixa, katikati ya mji wa kale, mnashuka Alameda na kupanda laini ya kijani. Kwenye mashine mnanunua kadi inayoitwa Navegante, senti 50 za euro, kisha mnaijaza pesa. Kila mtu na kadi yake: hamwezi kugonga moja mara mbili mkapita wawili. Kadi hiyohiyo inapanda metro, basi, tramu na vivuko. Ikiwa mizigo ni mingi chukueni teksi, si mbali.

7. Ile tramu ya manjano ya kwenye picha, namba 28, ina thamani ya foleni yake?

Kwa saa ya foleni, hapana. Wengi huipandia Martim Moniz, ndiyo maana foleni inazunguka uwanja mzima. Nendeni mwisho wa pili, Campo de Ourique, asubuhi mapema. Mtapata viti na dirisha, na kigari kile cha mbao kitawapitisha vichochoro vyembamba ambapo mkono wa abiria unakaribia kugusa ukuta wa nyumba. Breki zinalia, dereva anazungusha gurudumu la shaba kama anafungua bomba la maji. Ikijaa, shikeni mifuko yenu. Tazama la 17.

8. Mke wangu ana goti. Kweli mji wote ni vilima?

Kweli. Wenyewe husema mji umekaa juu ya vilima saba. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, kazi ya mikono ya kupendeza mno, lakini visigino virefu acheni nyumbani. Viatu viwe vya mpira wenye meno.

Kupanda kuelekea ngomeni, Castelo de São Jorge, kuna lifti ya umma isiyolipiwa ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros. Ukitoka juu unatembea kidogo, unaingia jengo jingine, unapanda lifti ya pili. Watu wengi wanaipita bila kujua.

Kuhusu lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902: juu yake mnaweza kufika kwa miguu kutoka uwanja wa Carmo, bila foleni ya chini. Na vile vigari vya kamba vya mteremkoni: tarehe 3 Septemba 2025 kile cha Glória kilikatika kamba na watu 16 wakafariki. Vyote vilisimamishwa, kwa hiyo ulizeni hali ilivyo kabla ya kupanga safari juu yake.

## Cha kuona

9. Tukiwa na siku moja tu?

Asubuhi Belém (la 11), mchana jumba la makumbusho la dhahabu (la 10), maana yote mawili yako upande wa magharibi. Jioni Alfama. Huko msifuate ramani, pandeni na kupotea. Ni mtaa uliosalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la 1755, na jina lake ni la Kiarabu, *al-hamma*, kutokana na chemchemi za maji moto. Anayeijua Hamamni ya Unguja ameshaelewa. Waislamu waliutawala mji huu zaidi ya miaka 400, hadi ulipotekwa mwaka 1147. Ukitazama vichochoro, ngazi, baraza ndogo na nguo zilizoanikwa juu ya vichwa vya watu, kuna dakika unajisahau ukadhani uko Mji wa Kale.

Jua likizama kaeni Miradouro de Santa Luzia, kwenye kibaraza cha vigae vya buluu kinachotazama mto Tejo. Hapo ndipo nilipopiga picha pekee ya mke wangu aliyoikubali.

10. Ni kweli kuna dhahabu ya Kilwa huko?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha kwanza Mswahili anachopaswa kwenda kuona, kabla ya tramu, kabla ya keki.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale kulipa dhahabu kama alama ya utii kwa mfalme wa Ureno. Kilwa wakati huo ilikuwa imetajirika kwa dhahabu iliyotoka bara, ikipitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Da Gama akarudi nayo Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe monstransi, kile chombo Wakatoliki wanachowekea Ekaristi ya kuabudiwa, kwa ajili ya monasteri ya Belém. Ikakamilika 1506. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente.

Leo iko Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes. Si kubwa, urefu wake ni sentimita 70 na kitu, sawa na mtoto aliyeanza kusimama. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na uso wake na rangi zake, na juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Lakini usitazame juu tu. Inama utazame kitako. Kuna mstari wa herufi umezunguka chini kabisa, ukieleza kwamba mfalme aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kilwa hiyo. Wameiandika wenyewe.

Mke wangu ana wazee wake Kilwa Kivinje. Alizunguka kabati lile mara tatu bila kusema neno, kisha akamwambia mlinzi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ni yetu." Yule mzee akatabasamu na kumwonyesha choo kiko wapi.

Hufungwa Jumatatu. Kabla ya kwenda tazameni tovuti yao, maana jumba hili hufunga vyumba kwa ukarabati.

11. Na Belém kuna nini hasa?

Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa sehemu ya ushuru wa biashara ya viungo na mali nyingine za Afrika na India. Nguzo zake zimechongwa kamba za meli, matumbawe na mimea kana kwamba jiwe ni sabuni. Ukiingia kanisani, mkono wa kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama mwenyewe. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mabaki yake yakahamishiwa hapo katika miaka ya 1880. Watu wanapiga picha. Mimi nilisimama nikimkumbuka mwalimu wangu wa historia wa darasa la sita.

Mnara wa Belém uko mbele kidogo, mtoni, ulimalizika kama mwaka 1519. Kwa nje unatosha. Ndani ni ngazi nyembamba na foleni. Monasteri na mnara viko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983, na vyote viwili hufunga Jumatatu.

Baada ya hapo, keki. Duka la Pastéis de Belém linauza vile vikeki vya maziwa na mayai tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, vyumba ni vingi, mketi mletewe vikiwa moto. Nyunyizeni mdalasini. Kwa wanaohofia mafuta ya nguruwe, la 14.

12. Kwa nini katikati ya mji barabara zimenyooka kama zimepigwa rula?

Kwa sababu zilipigwa rula. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia mtoni wakakutana na mawimbi makubwa, na moto ukafuata kwa siku kadhaa. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akaijenga upya Baixa kwa mitaa ya mraba, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao kama tundu la ndege ili nyumba zicheze zisianguke. Mkitaka kuona hali ilivyokuwa, ingieni magofu ya Carmo: kanisa lenye matao yote na lisilo na paa, mbingu ndiyo dari.

13. Sintra?

Treni kutoka stesheni ya Rossio, kama dakika 40. Ni vilima vya ubaridi na majumba ya kifalme. Tiketi ya jumba la Pena ina saa maalumu ya kuingia, kateni mtandaoni mapema. Wikiendi msiende.

## Kula, kuswali, kusali

14. Halali inapatikana? Na tujihadhari na nini?

Inapatikana. Nendeni Martim Moniz na mtaa wa Benformoso nyuma yake, kumejaa Wabangladeshi, Wapakistani na Wahindi, na bucha za halali zipo. Mahali pengine, samaki ndiye rafiki: dagaa wakubwa wa kuchoma, pweza, na *bacalhau*, samaki mkavu wa chumvi anayepikwa kwa namna nyingi mno. Aliyekulia kwenye ng'onda hatashangaa harufu.

Jifunzeni maneno matatu: *porco* ni nguruwe, *chouriço* ni soseji yake, *banha* ni mafuta yake. Hata supu ya sukuma, *caldo verde*, huletwa na kipande cha soseji kinaelea katikati. Kwenye keki na mikate ulizeni *"Tem banha?"* Mikahawa inauza pia *chamuça*, nayo ni sambusa, imefika huko kupitia Goa na Msumbiji. Ulizeni nyama iliyomo.

15. Tumekaa mezani, tukaletewa mkate na zeituni bila kuagiza. Ni zawadi?

Si zawadi. Huitwa *couvert*, na mkila mnalipa. Sisi usiku wa kwanza, katika mkahawa mmoja wa Baixa, tulisafisha mkate, zeituni, jibini na kitu fulani cha samaki, tukisifu ukarimu wa Wareno. Bili ikafika na vitu vinne tusivyoagiza. Kosa si lao peke yao: visipoguswa hawatakiwi kutoza. Sema *"não, obrigado"*, mwanamke aseme *"obrigada"*, wavirudishe. Bakshishi si lazima.

16. Msikiti uko wapi? Na misa?

Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wengi asili yao ni Msumbiji. Ijumaa fikeni mapema. Waismailia wana kituo chao tangu 1998, na makao ya Uimamu wao yako mjini humo.

Kwa Wakatoliki kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Mtakatifu Antoni "wa Padua" ni mtoto wa Lisbon. Kanisa lake dogo liko hatua chache kutoka kanisa kuu la Sé, mahali panapoaminiwa alizaliwa. Usiku wa 12 Juni mji mzima unachoma samaki barabarani kwa heshima yake, na kwa kuwa anahesabiwa kuwa mshenga wa mbinguni, manispaa huwafungisha ndoa kwa pamoja maharusi waliochaguliwa. Kijana wa fungate, hii ni ya wakazi, usiniulize tena.

## Yaliyobaki

17. Kuna wizi?

Wa mifukoni, ndiyo, hasa tramu 28, metro ya kwenda uwanja wa ndege na kwenye foleni za Belém. Wa kukabwa, sisi hatukuuona. Pale Baixa mtu atakunong'oneza kwamba ana bangi. Ni majani ya mchuzi. Pita. Mkiibiwa, polisi wa watalii wako Praça dos Restauradores, jengo la Palácio Foz. Dharura ni 112.

18. Kuna malipo yasiyoonekana kwenye bei ya hoteli?

Kodi ya watalii: euro 4 kwa mtu kwa usiku, tangu Septemba 2024, hadi siku saba. Kwenye mashine ya ATM, ikikuuliza utozwe kwa shilingi au euro, chagua euro.

19. Fado ni nini, na tuende?

Ni taarabu yao. Gitaa mbili, mwimbaji mmoja, taa zinazimwa, na mambo ni yaleyale: aliyeondoka, bahari, jirani mwenye maneno. UNESCO iliitambua mwaka 2011. Tofauti ni kwamba huko hakuna kutuza. Ukiinuka na noti kama uko Tanga utafukuzwa. Mwimbaji akianza, hata kijiko kinawekwa chini. Ulizeni kwanza kama lazima kula. Kwenye nyumba nyingi ni lazima.

20. Hatujui Kireno hata neno moja.

Mnayajua mengi. Mtakaa *mesa*, mtapewa *copo*, mtaona *bandeira* ikipepea, mtakula *ananás* na *limão*, na leso ya mkononi ni *lenço*. Neno lililonichekesha ni *igreja*, kanisa, ambalo kwetu limekuwa gereza. Mahali pa ibada pakageuka kuwa mahali pa kufungiwa. Ukiijua Fort Jesus huhitaji kuelezwa.

21. Tunafika Jumapili usiku na kuondoka Jumanne. Tufanyeje?

Mmeipata siku mbaya, makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Tembeeni Alfama, Carmo kama ni wazi, na ngomeni. Jumanne milango ikifunguliwa, muwe wa kwanza Janelas Verdes (la 10) na mizigo yenu, kisha teksi ya moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

22. Mmoja anataka makumbusho, mwingine anataka maduka.

Tenganeni asubuhi. Ila kuhusu saa ya kukutana, tazama la 5.